Waliniaga kwa Pombe Niende Ulaya, Sasa Nakaa Mlangoni Kwangu Kama Mgeni

Mhariri, jina langu lifiche kwenye ukurasa wako. Uso nimeshauficha mwenyewe. Mimi ni mzee wa Merikit, huku Tororo, miaka yangu kama sitini hivi, na nimebeba fimbo za gofu Ulaya, kwenye milima ya theluji na mashamba ya zabibu. Wazungu wenyewe walinipigia makofi.

Haya, ni uongo. Theluji sijaiona hata kwenye sahani. Lakini nyumbani kwangu waliamini nimekwenda, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Kazi yangu ni kumbebea fimbo mzungu mmoja, injinia, pale uwanjani chini ya jabali la Tororo. Muda mrefu alikuwa akipanga likizo yake: asubuhi gofu mlimani, jioni divai kwa mwenye shamba la zabibu. Picha anazo, kila mara ananionyesha. Kwa kuwa uwanja wetu ni tambarare na magoti yake ni ya kuku, tulikuwa tukipanda mteremko wa jabali ili azoee. Yeye anapiga, mpira unateremka hadi kwa mbuzi wa watu, mimi naufuata nikitukanwa na wenye mbuzi. Akaniambia, "Mzee, bila wewe mimi hapana weza. Wewe takwenda na mimi." Alisema mbele ya mpishi wake, sikuota.

Kwetu mtu haondoki hivihivi. Mke wangu alipika pombe ya ulezi, wazee wakakizunguka chungu na mirija yao, wakaniaga. Mtu akishaagwa hivyo, nafasi yake chunguni hukaliwa na mwingine, na akirudi hukaa mlangoni kama mgeni mpaka apikiwe pombe ya kumpokea. Nafasi yangu akapewa mdogo wangu, mtu ambaye hata kunywa kwake kuna kelele.

Siku ya safari nikafika kwa injinia na blanketi langu begani. Nikamkuta anafunga fimbo kwenye kigari cha magurudumu mawili. "Huko watu navuta hii," akasema. "Wewe bakia, angalia mbwa."

Mbwa nikamwachia mpishi. Ningerudi nyumbani na uso gani, pombe yangu ingali tumboni mwao? Nikashika njia ya Busia, kwa rafiki yangu Mwislamu mwenye duka la chumvi. Akacheka mpaka akakaa chini. "Kaa hapa, kaka. Mzungu wako akirudi, na wewe urudi. Nani atajua?" Nikakaa, nikimbebea magunia, nikimzibia paa.

Aliyejua ni jirani yangu, mama muuza karanga. Alinikuta na gunia kichwani. "Mzee," akasema taratibu, "kumbe Ulaya ni hapa?" Hata gunia sijalitua, habari imeshafika Merikit.

Basi nimerudi. Mdogo wangu hanyanyuki. "Wewe bado uko safarini," anasema, mrija mdomoni. Mke wangu namwomba apike pombe ya kunipokea, ananijibu, "Nikupokee kutoka wapi? Huko ulikoagiwa hukufika." Wajukuu wananiita Bwana Theluji, hilo nacheka nao. Lakini juzi wazee walikaa na wakwe kuzungumzia kuolewa kwa binti yangu wa mwisho, na mimi, baba yake, nikasikiliza toka mlangoni kama mtu aliyepita kuomba maji. Mdogo wangu ndiye aliyejibu kwa niaba yangu. Hiyo inauma, wasomaji, hata mimi mzoea mzaha.

Injinia naye karudi, mwekundu kama nyanya. Kigari kimezama kwenye tope letu, sasa anaita tena, "Mzee, kuja." Naenda, nifanyeje. Ananieleza jinsi divai ilivyokuwa tamu. Namwambia hongera, bwana.

Wakwe watarudi baada ya mavuno. Nishaurini, nifanye nini niwe nimekaa chunguni siku hiyo? Kwenda Ulaya msiniambie.

Na wewe mwenye duka la chumvi, najua gazeti hili unalisoma kabla ya kulitumia kufungia chumvi. Paa lako halivuji tena. Kwetu mgeni akisindikizwa na mwenyeji wake mpaka nyumbani, wenye nyumba huona aibu kumwacha mlangoni, hata kama alilala kijiji cha pili. Njoo Jumapili, unishike mkono, uwaambie tu: huyu alikuwa kwangu, nimemrudisha. Pombe hutakunywa, najua. Chai nitakuchemshia mwenyewe.