Namba Tisa Haishiki Simu

Kazini kwetu, katika ofisi moja katikati ya Bujumbura, mimi ndiye ninayeitwa kompyuta ikigoma. Nikifika, watu husogeza viti na kunipisha kama daktari. Mara nyingi nachomoa waya, nachomeka waya, mashine inawaka, nami naondoka bila kueleza nilichofanya. Sifa ya namna hiyo ni hatari kwa mtu anayependa kusifiwa, na mimi napenda sana. Baada ya miaka kadhaa nilianza kuamini kwamba kweli ninajua.

Ndipo nikaingiza mambo hayo nyumbani. Rafiki mmoja aliyekuwa akirudi safari aliniletea kisanduku cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kinachoongea bila waya na taa, prizi za umeme za kuchomeka ukutani, pampu ya maji na king'ora. Kila kifaa kinapewa namba yake. Kisanduku kinaita namba, kifaa kinatii. Wewe kazi yako ni kukaa kwenye kiti na kubonyeza simu.

Nyumbani Gihosha tulikuwa watu watatu, maana watoto wako masomoni: mimi, mke wangu ambaye kazi yake ni kupokea simu katika zahanati, na mama yake, aliyehamia kwetu kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, vita vilipokaribia kule. Siku niliyomaliza kufunga vifaa niliwaita wote wawili sebuleni, nikabonyeza simu, taa ikawaka.

Mke wangu akatazama taa, akatazama ukuta.

"Baba ya batoto, swichi iko pale mulangoni. Ni hatua mbili."

"Sasa hutahitaji hata moja," nikamwambia.

Mama mkwe alipiga makofi kidogo, kwa adabu.

Kwa miezi miwili kila kitu kilikwenda sawa. Kisha nikafanya jambo ambalo kazini nawakataza wengine: kitu kilikuwa kizima, nami nikaamua kukitengeneza. Simu ilinionyesha kwamba kuna toleo jipya la programu dhibiti, yaani ile programu inayokaa ndani ya kisanduku na kukifundisha kazi yake. Watengenezaji waliandika kwamba toleo hilo lingekifanya kiwe imara zaidi. Nikabonyeza.

Tangu siku hiyo taa ya sebuleni ikawa inafikiria kwanza. Unaiwasha, unasahau, unaondoka, baada ya dakika kumi inawaka kwenye chumba kitupu. Pampu ilikuwa mbaya zaidi. Niliizima kwa simu, ikaendelea kupandisha maji, tangi likafurika, na kwa kuwa sisi tuko kwenye mteremko, maji yote yakashuka kwenye bustani ya mchicha ya jirani. Alikuja getini akiwa amepandisha suruali mpaka magotini.

"Jirani, asante kwa kunimwagilia," alisema. "Lakini leo mvua imenyesha."

Nikaanza uchunguzi. Nilikihamisha kisanduku, bila kuchomoa waya wake mrefu, kutoka juu ya kabati kwenda dirishani, kutoka dirishani kwenda juu ya friji. Nilizilaumu kuta. Nililaumu mabati. Niliulaumu umeme, ambao kwetu hupanda na kushuka unavyotaka, na nikaulaumu mtandao wa jirani yule yule niliyemzamishia mchicha. Kila jioni nilimweleza mke wangu kwamba nimepata sababu, naye kila jioni aliwasha taa kwa mkono.

Vitu vya kulaumu vilipoisha, nikahamia kwa watu. Mama mkwe alikuwa na mazoea ya kuzima taa kwenye swichi ya ukutani, na swichi ikizimwa taa haina umeme, haiwezi kusikia inapoitwa. Nikajiaminisha kwamba huyo ndiye chanzo. Sasa, mkwe hawezi kumkaripia mama wa mke wake. Kwa hiyo nilifanya kitendo nilichokiona cha busara: niliandika karatasi kwa Kifaransa, *Ne pas toucher*, yaani usiguse, nikaibandika juu ya swichi, nikaenda zangu kazini.

Niliporudi nilimsikia akimwambia binti yake jikoni, kwa sauti ambayo ilipimwa inifikie mimi:

"Mukwe wangu sasa ananiandikia barua kwenye ukuta."

Siku tatu hakugusa swichi. Sebule yetu ina giza hata mchana, kwa hiyo alichukua ushonaji wake na kwenda kushonea kwenye mlango wa jikoni, penye mwanga. Na siku hizo tatu, ambazo hakuna mkono wa mtu, hata wa mke wangu, uliofika kwenye ule ukuta, taa zilisumbua vilevile, kama si zaidi. Siku ya nne niliibandua karatasi asubuhi na mapema, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nilidhani kubandua ni sawa na kuomba radhi.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya mama mkwe kukaribisha kikundi chake cha maombi, kina mama wanane wa kanisa lao, wengi wao wa kutoka upande ule ule wa Uvira. Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kazini, nilijaribu king'ora. Nilibonyeza, kimya. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza mara sita kwa hasira, halafu nikaondoka.

Nilirudi saa tisa alasiri, nikawakuta katikati ya maombi, macho yamefungwa. Nikasimama pembeni kwa heshima. Hapo ndipo kisanduku kilipopata nafasi ya kushughulikia maagizo yangu ya asubuhi. King'ora kikalia. Kikanyamaza. Kikalia tena. Kina mama wakafungua macho wote kwa pamoja. Mmoja akapanda juu ya kochi na viatu vyake. Mimi nilisimama palepale nikihesabu, maana nilijua ni mara sita, na nilijua ni nani aliyebonyeza.

Kiongozi wao, mama mmoja mrefu mwenye sauti nzito, akanigeukia.

"Papa, hii ni nini?"

"Ni *mise à jour*, mama," nikajibu, maana ndivyo tunavyoliita toleo jipya kwa Kifaransa. "Ndiyo imeharibu hiki kisanduku."

"Mizajuri? Huyo ni nani?"

Kabla sijafungua kinywa, mama mkwe akajibu kwa niaba yangu:

"Njo iko inasumbua hii nyumba tangu mwezi uliopita."

"Basi tumutoe," akasema kiongozi.

Wakasimama, wakaizunguka friji yenye kisanduku juu yake. Nikawahi kuchomoa waya wa kisanduku, kwa kuogopa kwamba huenda asubuhi nilibonyeza mara saba. Wakamkemea Mizajuri kwa dakika nzima na zaidi, kwa Kiswahili na kwa Kifulero, lugha ya kwao, wakimtaka arudi alikotoka, nami nikiwa nimeshika waya mkononi katikati yao, nikisema amina kila waliposema. Walipomaliza nikauchomeka tena. Nikabonyeza simu. Taa ikawaka papo hapo. Pampu ikatii. Vyote vikatii.

Vilitii siku nne. Mimi nilijua sababu: kuchomoa waya kulifuta maagizo yote yaliyokuwa yamejazana ndani ya kisanduku, kikaanza upya. Hiyo ndiyo dawa yangu ya kazini, ambayo kwa kiburi sikutaka kuitumia nyumbani kwa sababu niliiona ya kitoto. Nilijaribu kumweleza mama mkwe.

"Ni ule waya, mama. Niliuchomoa."

"Ndiyo, mukwe wangu," akaniambia kwa huruma. "Mungu alikutumia na wewe."

Siku ya tano taa zikaanza tena kufikiria.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikaa mezani na kompyuta nikisoma kumbukumbu za kisanduku, kwa sababu kila jambo kinalolifanya kinaliandika. Nilikuwa nimezisoma wiki nzima, mistari kwa mamia, nikitafuta kosa kubwa la kitaalamu linalolingana na hadhi yangu. Mke wangu akapita akifuta mikono kwa kanga, akainama juu ya bega langu.

"Huyu tisa ni nani?"

"Nani?"

"Namba tisa. Angalia. Hii kitu iko inamuita, inangoja, hashiki. Inamuita tena. Angalia na hapa. Na hapa."

Nikaangalia. Kila baada ya mistari miwili mitatu, kisanduku kilimwita namba tisa. Macho yangu yalikuwa yakiiruka mistari hiyo kwa sababu haikuwa na rangi nyekundu.

"Mi kule kazini," akasema, "nikiita mutu mumoja siku muzima na hashiki, bagonjwa bengine batanipata saa ngapi?"

Nikafungua orodha ya vifaa. Namba tisa ilikuwa prizi niliyoiweka nyuma ya meza ya kupigia pasi. Nikaenda kutazama. Hakuna kitu.

"Prizi ya hapa imetolewa na nani?" nikauliza, kwa sauti ya mwenye nyumba.

Mke wangu alininyooshea kidole.

"Njo we," akasema.

Ilikuwa kweli, ni mimi niliyeitoa. Wiki moja kabla ya lile toleo jipya dada yangu, anayefuga kuku kule Carama, alilalamika kwamba taa ya kuwapasha vifaranga wake joto haina pa kuzimia. Prizi ile ina kitufe pembeni, nikaichomoa ukutani nikampa. Kisanduku sikukiambia. Programu ya zamani ingemwita namba tisa mara chache, ikakata tamaa, ikaendelea na wengine. Ile mpya haikujua kukata tamaa. Iliita, ikangoja, na nyuma yake taa, pampu na king'ora vikapanga foleni.

Nikajaribu kuifuta namba tisa kwenye orodha. Toleo jipya likakataa: kifaa lazima kiwe karibu, kibonyezwe, ndipo kiondolewe. Nikampigia dada yangu, nikamwomba aniletee prizi.

"Apana, kaka. Vifaranga biko bado bidogo, na baridi iko. Leta hicho kisanduku chako huku."

Siku hizo mafuta yalikuwa hayapatikani na gari langu lilikuwa limelala uani. Kwa hiyo nilitoka Gihosha kwa miguu hadi Carama, kisanduku nikiwa nimekiweka kwenye mkoba wa mke wangu, kimeunganishwa na betri ya kuchajia simu, taa yake ya bluu ikimweka kupitia kitambaa. Mtu mmoja njiani aliniuliza kama nimebeba mtoto, nilivyoukumbatia ule mkoba.

Dada yangu alinipa kigoda, nikakaa kando ya vifaranga. Nikabonyeza prizi mara tatu. Kimya. Nikasogeza kisanduku, nikabonyeza tena, taa ya kisanduku ikageuka kijani, na namba tisa ikatoweka kwenye orodha. Vifaranga hawakushtuka.

"Umetembea kutoka Gihosha kuja kuaga prizi?" akauliza dada yangu.

"Ndiyo."

"Na njo we batu ba ofisi banaita fundi?"

Nilikunywa chai yake, nikarudi. Kuanzia hapo vifaa vikatii, na wiki iliyofuata nikarudisha programu ya zamani ili isitokee tena. Nilibaki na kazi moja, ngumu kuliko zote. Nilimkuta mama mkwe sebuleni, nikamwambia waziwazi kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba ile karatasi ilikuwa aibu.

Aliweka sindano chini.

"Mi nilijua si mimi," akasema. "Lakini ilifika nafasi nikaanza kuogopa mikono yangu. Nikasema labda nimezeeka, kila kitu naharibu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria kuta, mabati na mtandao wa jirani, lakini kwamba yeye angeiogopa mikono yake, hapana. Nikasema tena samahani, vizuri zaidi ya mara ya kwanza.

Aliniambia nikae. Kisha akaanza kunisimulia habari za nyumba yake ya Uvira, vyumba vyake, nani alilala wapi, jambo ambalo hakuwahi kunigusia tangu aje. Nilikaa nikasikiliza mpaka mke wangu akatuita kula.