Lipoti ya Mackrine

Nadhira binti Othman alizaliwa na kukulia Omurushaka, ila ukimsikia akiongea utadhani kashuka jana kutoka Tanga. Kiswahili hicho ni cha baba yake, naye anakitunza kama vikombe vya wageni. Ana duka la kompyuta na fotokopi, ana mdomo mwepesi, na anayechokozwa zaidi na mdomo huo ni Mackrine wa Chonyonyo anayefanya naye kazi. Kwao Mackrine huongea Kinyambo, na r na l kwake ni kitu kimoja.

"Mackrine, leo umekula matoke au umekura?"

Mackrine hucheka, na Nadhira hajawahi kujiuliza anacheka nini.

Wiki hiyo mtandao wa duka ulikuwa unakatika kila asubuhi, saa zilezile wanafunzi wanapojaa kuomba nafasi za vyuo, na walishaanza kuvuka barabara kwenda kwa jirani. Fundi Nolasco wa kampuni ya mtandao, aliyekuwa Karagwe kwa shughuli nyingine, akamwambia Nadhira kwa simu: "Nitumie ushahidi kabla sijarudi Bukoba kesho mchana. Pima mtandao, matokeo yaweke kwenye faili."

Kesho yake asubuhi Nadhira akamwelekeza Mackrine: andika ping, ile amri ya kupima mtandao, weka anwani na -t ili kipimo kisikome, halafu mshale unaotazama kulia, halafu jina la faili. "Liite ripoti nukta txt." Akawageukia wateja. Skrini nyeusi ikakaa kimya, maana ukiweka mshale ule majibu hayaji kwenye kioo, yanaingia moja kwa moja kwenye faili. Mtandao ukakatika kama ulivyozoea. Wateja wakanung'unika, wakaondoka. Ulipotulia, Mackrine akasimamisha kipimo, akatoka kufuata chai.

Nadhira akalifungua ripoti.txt. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna faili la jina hilo. Akajaribu tena, jibu likawa lilelile. Na mtandao sasa ulikuwa mzima, makatizo ya asubuhi yasingepimika tena. Mackrine aliporudi na chupa ya chai, alikuta ameshahukumiwa.

"Kakazi kadogo hivi kamekushinda? Umetumaliza."

"Dada, niliandika. Lipoti, kama ulivyosema."

Nadhira akafungua mdomo amsahihishe, ukabaki wazi. Akaandika dir, majina ya mafaili yakajipanga, na katikati yake lipo: lipoti.txt, limejaa mistari ya mtandao uliokatika.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Si kitu," alisema Mackrine akimimina chai. Safari hii hakucheka. "Ila dada, huwa nacheka ili yaishe haraka."

Hilo lilimchoma Nadhira kuliko lile faili. Akalituma kama lilivyo, na muda si mrefu Nolasco akapiga simu.

"Nimeona, tatizo ni la kwetu. Nakuja sasa hivi. Ila hapa pameandikwa lipoti. Ndilo lenyewe?"

Nadhira akamtazama Mackrine.

"Ndilo," akasema. "Ndivyo linavyoitwa."