Mama yangu alikuwa kitandani, mimi katibu wa jumuiya nikamwandika HAYUPO

Wakuu, poleni na mihangaiko ya mjini.

Ninachokiandika hapa kimenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Atakayeona nalisema vibaya kanisa aniwie radhi, hasira zangu bado hazijaisha.

Naishi Mbagala, huku Temeke, na kwa miaka sita nilikuwa katibu wa jumuiya. Kwa wasiojua, jumuiya ni ile ibada ya nyumba kwa nyumba, kwetu ilikuwa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Katibu ndiye anashika daftari la mahudhurio. Umekuja, unapata tiki. Hujaja, unapata H, yaani hayupo.

Msilidharau hilo daftari. Mtoto wako kubatizwa, ndoa yako kutangazwa, hata wewe mwenyewe kuzikwa, vyote vinapita humo. Mtu akifa wazee wa kanisa wanaliomba kabla hawajauliza marehemu aliumwa nini.

Kuna alama ya tatu, M, ya mgonjwa. Ila M haiandikwi hivi hivi. Lazima mzee wa kanisa afike nyumbani amwone mgonjwa, ndipo aruhusu.

Na mimi nilikuwa mnoko, niseme tu ukweli.

Jirani yetu Mama Sifa, mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Jumamosi nyingi zilimkuta njiani. Alipofariki nikapeleka daftari kwa wazee, kurasa zimejaa H. Wakakataa kumzika. Mama Sifa alinifuata analia, nikamjibu, "Mama, mie naandika tu ninachokiona." Nikarudi nyumbani nikala ugali wangu vizuri.

Sasa ikaja zamu yangu.

Mama yangu mzazi, niliyekuwa naishi naye, alipata stroke. Upande mzima wa kulia ukafa. Huyu mama ndiye aliyeianzisha hiyo jumuiya, mikeka ya kwanza watu kukalia ilitoka sebuleni kwetu.

Nikamwambia mzee wa kanisa aje amwone. Akasema atakuja. Nikamkumbusha, akasema Jumapili baada ya ibada. Nikamkumbusha tena, akasema yuko kwenye semina. Ikapita miezi kumi na minne.

Ujinga wangu uko hapa, wakuu. Kila Jumamosi nilimwacha mama kitandani, nikaenda jumuiya, nikafika kwenye jina lake nikaandika H. Kalamu ilikuwa yangu, ningeweza kuandika M. Niliogopa watu watasema katibu anampendelea mama yake. Nikawa najipa moyo kwamba mzee akija tutarekebisha.

Nikirudi mama aliniuliza kwa ule ulimi wake mzito, "Umeniandikaje leo?"

Nilimwambia, "Mgonjwa, mama."

Anatulia kabisa, anaomba uji.

Alifariki Jumanne. Wazee wakataka daftari, nikalipeleka mwenyewe bila wasiwasi, si wanamjua mama? Mzee yule yule aliyeshindwa kufika kwetu akavaa miwani, akapekua kurasa taratibu, akaniuliza huu mwandiko ni wa nani. Nikasema wangu.

"Basi ndugu katibu, sio sie tunaokataa. Wewe mwenyewe umeandika hayupo."

Nikamkumbusha ahadi zake zote. Akasema hakuna mahali zilipoandikwa.

Mchungaji hakuja. Kengele haikupigwa. Wanakwaya wenzake walikatazwa kuvaa majoho, waliokuja walikuja na kanga zao kama majirani wengine. Majirani zetu Waislamu ndio waliohangaika na turubai na kuchimba kaburi, wala hawakuniuliza mama alihudhuria wapi mara ngapi.

Makaburini tukashusha jeneza, kisha watu wakabaki wanatazamana. Hakuna aliyejua nani aombe.

Akasogea Mama Sifa. Kitabu chake cha nyimbo alikuwa nacho kwenye mfuko wa rambo.

"Usihangaike, mwanangu," akaniambia. "Sie tulishazika hivi."

Akaanzisha wimbo, akasoma zaburi, akaomba, akatupa udongo mara tatu bila kubabaika. Hiyo kazi alijifunzia kwenye kaburi la mumewe, na aliyemlazimisha kujifunza ni mimi. Nililia mpaka nikaona aibu.

Daftari nililirudisha na jumuiya siendi tena. Nasikia katibu mpya ananiandikia H kila wiki, na wazee wanataka nisimame mbele ya washarika nitubu ndipo nirudi kundini. Kutubu nimeshatubu, ila nilienda kutubia kwa Mama Sifa, uani kwake, akiwa anaosha vyombo.

Kwa mlio makatibu huko makanisani: ukikuta mtu hayupo, nenda kwake kwanza umwone, ndipo ufungue daftari. Basi.

Karibuni mchangie, na mwenye matusi ayalete tu, nastahili.

Mama alikufa akiamini nimemwandika mgonjwa. Sijui nitamwambia nini tukionana.