Uji Mwepesi wa Baba

Hadi leo nikisikia harufu ya uji wa unga wa njano ukianza kushika sufuria, namwona Baba. Unga ule tuliuita yanga, na enzi zile za dhiki, pale kwetu Maisaka, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuukataa. Uliletwa, ukapikwa, ukaliwa, na aliyelalamika alikwenda kulala na malalamiko yake.

Baba alikuwa seremala. Ugonjwa ulimwanzia kidole gumba, kikawa kinatetemeka, ukapanda mkono mzima, mpaka msumeno ukawa unacheza wenyewe. Majirani walikuwa na majibu tayari: wengine walisema pombe, na Baba hakuwahi kuionja, wengine walisema amerogwa. Hospitalini walimpa vidonge vya maumivu, ingawa hakuna mahali palipomuuma. Kisha ugonjwa ukafika kooni. Akimeza kitu anapaliwa, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na sisi watoto tumekaa tunamtazama tu.

Mama aliamua kama ambavyo mwanamke yeyote wa mtaa ule angeamua: mgonjwa hapewi chakula kigumu, mgonjwa anapewa uji mwepesi. Alikuwa akidamka kwenda duka la ushirika, anaweka jiwe lake la kushikia nafasi kwenye foleni pamoja na mawe ya wenzake, ili tu apate sukari ya uji huo. Sisi hatukuionja. Baba akipaliwa, Mama anaongeza maji. Akipaliwa tena, anaongeza mengine. Mwishowe uji ulikuwa maji yenye rangi, na Baba alikuwa amebaki mifupa na shati.

"Mama Yohana, nipe ugali," alikuwa akisema, sauti yake imeshafifia.

"Ugali utakuua, Baba Yohana. Kunywa uji."

Siku moja mchana Mama alikuwa foleni. Nilikuwa nimekaa mlangoni na bakuli langu: kiporo cha ugali nilichokivuruga na maziwa mgando mpaka kikawa kizito kama udongo wa kukandikia nyumba. Ndiyo ilikuwa anasa yangu. Baba alinyoosha mkono. Nikamsogelea, nikamshikia bakuli ili asilimwage. Alikula polepole, amekaa wima, mgongo ukutani. Hakukohoa hata mara moja. Maziwa yalimganda kwenye ndevu. Nilicheka, naye akacheka.

Mama akatokea, sukari ameifunga kwenye kitambaa. Alipiga kelele, akanyakua bakuli. "Unataka kumuua baba yako?" Nikaamini kwamba nilikuwa karibu kumuua. Baba hakubisha. Jioni alikunywa uji wake, akakohoa. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa.

Mwaka juzi mkono wa kaka yangu Yohana nao ulianza kutetemeka, na baadaye akaanza kupaliwa. Tulimpeleka hospitali, na Mama, pamoja na uzee wake, akang'ang'ania kuja. Nesi alituambia ni ugonjwa wa ubongo, hauponi, lakini mtu anaishi nao vizuri tu akisaidiwa. Dawa ameze kwa wakati wake. Akila akae wima, asiharakishwe.

"Na uji wake uwe mzito, bibi," alimwambia Mama. "Vyepesi kama maji ndivyo vinavyompalia. Mpe hata ugali mliouponda na maziwa mgando."

Tulianza safari ya kurudi nyumbani, Mama ametangulia. Utotoni niliamini ugonjwa ndio uliommaliza Baba. Mle njiani nilielewa kwamba sehemu yake ilikuwa njaa, katika nyumba iliyompa sukari yote iliyokuwa nayo. Niliumia, na nikaomba Mama asiwe anawaza ninachowaza.

Tulipofika aliponda ugali, akamimina maziwa, akavuruga mpaka kijiko kikasimama chenyewe.

"Nilimnyang'anya bakuli," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyetufundisha, na ni kweli, lakini sikuweza. Yohana alikuwa anasubiri, mdomo wazi. Mama alinikabidhi kijiko, maana mikono yake ilikataa.