Mwonja Wiski Anayeogopa Kukumbatiwa

Saa tatu asubuhi, kabla mabati ya ghala hayajaanza kulia kwa joto, Mzee Pua anamimina wiski kidogo kwenye glasi yenye tumbo nene na mdomo mwembamba. Anaifunika kwa kisahani. Anangoja. Kisha anafunua, anainama kama mtu anayechungulia kisima, na kuvuta pumzi.

"Ndizi," anasema. "Ile iliyosahaulika mezani mpaka ikaota madoadoa."

Anavuta tena. "Na sukari iliyoungulia sufuriani."

Anapiga funda moja, analizungusha mdomoni, halafu analitema kwenye ndoo. Tangu aanze kazi hii hajawahi kulewa. "Mimi ni kama mpishi wa harusi," anatania. "Nanusa vyote, kwangu narudi na njaa."

Kampuni yake huagiza wiski kutoka Uskoti. Kila shehena ikifika, yeye hufungua chupa moja. Akiikubali, mzigo unakwenda hotelini. Akiikataa, unarudi ulikotoka. Ya leo ni ya shayiri tupu, kazi ya kiwanda kimoja, iliyokaa miaka mingi kwenye mapipa ya mwaloni, kisha ikamalizia ukuaji wake ndani ya mapipa yaliyowahi kuhifadhi ramu.

Sifa za pua hiyo zimevuka mipaka ya akili. Inasemekana siku moja alisimama getini, upepo ukageuka, akamwambia mlinzi, "Pole, bwana, maharage yameungua tena kwako." Mlinzi anakaa ng'ambo ya mji. Alipofika nyumbani alikuta mkewe anakwangua sufuria. Asiyeamini akamuulize mlinzi, ila aende ameshiba.

Lakini pua hiyo ina masharti kuliko mganga. Mzee Pua hali kitunguu, hagusi pilipili, haogi kwa sabuni ya kunukia. Wenzake wakikusanyika kula, yeye hujitenga nyuma ya makreti na mkate mkavu. Nyumbani ni vivyo hivyo tangu mkewe afariki. Hata mende walihama, anasema. "Hawakuona la kunusa."

Miaka sita iliyopita ilikuja shehena kama hii, ya mapipa ya ramu. Akanusa, akakunja uso. Harufu ya maua ya yasmini! Akaikataa yote. Bosi akaita mwonjaji mwingine, naye hakuona kasoro. Ubishi ukapamba moto, hadi mtunza stoo, mwanamke asiyemung'unya maneno, akamsogelea mzee na kumnusa shingoni.

"Mzee Pua, hiyo yasmini umekuja nayo mwenyewe. Iko kwenye kola."

Asubuhi ile binti yake wa pekee alikuwa amemkumbatia kumuaga. Ghala zima lilicheka. Jioni, uso ukiwa bado unamwaka, alimwambia, "Mwanangu, usinikaribie tena na manukato yako. Utanikosesha kazi."

"Nimekusikia, baba."

Na kweli alisikia. Akawa anamsalimia akiwa mlangoni. Alipoolewa, akamsalimia kwa simu. Siku hizi salamu huja kwa ujumbe. Juzi ujumbe ulikuja na picha: kichanga kilichofungwa kwenye blanketi, mjukuu wake wa kwanza. Mzee Pua aliisogeza simu puani.

"Haina harufu," anasema, na safari hii hatanii.

Leo anairudia glasi mara ya tatu, jambo ambalo si kawaida yake. Mtunza stoo anamwona.

"Vipi, ina kasoro?"

"Haina. Imelala kwenye mapipa ya ramu, nyumba ya wenyewe, imetoka na harufu yao, na huko hotelini wanaigombania." Anaizungusha glasi. "Mimi harufu ya mwanangu niliikataa."

"Lakini kaka yangu, kwa nini usiweke shati la pili hapa kazini? Ukifika unavua la nyumbani, unavaa la kazi. Basi!"

Mzee Pua anamtazama. Halafu anacheka mpaka anafuta macho kwa kiganja, na anaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

"Pua ndefu," anasema, "akili fupi."

Shehena anaipitisha. Kisha anapiga simu palepale, kabla moyo haujabadilika.

"Jumamosi nakuja kumwona mjukuu wangu."

Upande wa pili binti anambembeleza mtoto. Kisha, "Sawa, baba. Sitajipaka kitu. Na mtoto nitamwogesha kwa maji matupu."

"Jipake. Jipake ile yasmini yako. Na mtoto mpake poda."

"Baba, uko mzima kweli?"

"Jipake, mama."

Nyuma ya mlango wa stoo, msumarini, sasa linaning'inia shati jeupe lisilonukia chochote. Hilo ni la kazi. Lile atakalovaa Jumamosi keshalipangia mahali pake: atalitundika karibu na mto wa kitanda chake, na halifui ng'o.