Kitabu cha Wavulana

Hadi leo nikipita mahali palipoanikwa dagaa, nakumbuka kitabu. Najua mtu mwingine angekumbuka ugali. Lakini kitabu cha kwanza nilichokipenda maishani kilikaa juu ya magunia ya dagaa ya mama, katika chumba chetu cha Kirumba, na kila ukurasa niliofunua ulinipiga kwa harufu ile kabla sijasoma hata neno.

Kililetwa na kaka yangu Deo, aliporudi likizo kutoka sekondari. Ilikuwa hadithi ya mabaharia. Jalada lilishang'oka, na karatasi zimekuwa rangi ya chai. Deo alisoma kurasa chache, akakiacha, akaenda zake mpirani. Aliponikuta nimekikumbatia alicheka.

"Nyanjige, hicho ni cha wavulana. Humo hamna hata msichana mmoja."

Kweli hakuwamo. Nilimtafuta toka mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na nahodha mwenye kovu, kijana aliyetoroka kwao kwenda baharini, na dhoruba zisizokwisha. Basi nikaamua kwamba yule kijana ni mimi.

Jioni nilimsomea mama na jirani zake, huku wakichagua dagaa. Mama hakujua kusoma; madarasa ya kisomo cha watu wazima aliyakwepa, akisema macho yake ni ya dagaa tu. Tulipofika pale mabaharia wanapokufa kwa kiu katikati ya maji, wanawake walicheka hadi wakafuta machozi.

"Mabaharia gani hao?" mama akauliza. "Si wachote na kikombe wanywe?"

Nikawaeleza kuwa maji ya bahari yana chumvi.

"Chumvi yote hiyo," akasema mama, "na sisi tunapanga foleni dukani!"

Alilalamika kwamba nammalizia mafuta ya taa, ila hakuwahi kuniambia nilale kabla sura haijaisha.

Nilipokuwa darasa la sita, tulikwenda kisiwani Ukerewe, mama na mimi, kumwona bibi. Siku ya kurudi bibi alitufungashia tenga zima la makopa, mihogo yake mwenyewe aliyoimenya na kuikausha juani. Tukapanda boti la mbao la Mzee Masatu, pamoja na abiria wengine wachache. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Mchana upepo ukageuka, mawimbi yakainuka, na tulipokuwa mbali na nchi kavu injini ikakohoa, ikanyamaza.

Boti lisilo na injini halikai unavyotaka. Letu liligeuka likayapa mawimbi ubavu, na maji yakaanza kumwagika ndani. Mzee Masatu aliinama juu ya injini, akivuta kamba yake na kuibembeleza kwa Kikerewe. Mama mmoja alisali rozari kwa sauti. Bwana mmoja mwenye kaunda suti akapiga kelele, "Tupa nanga, mzee!"

"Hapa kamba haifiki chini!" Mzee Masatu akajibu bila kuinua kichwa.

Ndipo ukurasa ule ukanijia kama nimeushika mkononi. Mlingoti wa nahodha mwenye kovu umevunjika, naye anafunga tanga kama mfuko, analitupa majini kwa kamba iliyofungwa mbele ya chombo. Mfuko haufiki chini. Unaburuta maji tu, na chombo kinageuza kichwa kikayatazama mawimbi. Nilisema hayo kwa sauti ndogo, kisha nikapayuka.

"Mtoto, nyamaza!" yule bwana akafoka. "Huu si wakati wa hadithi!"

Mama alikuwa akichota maji kwa sufuria. Akaacha.

"Ndugu, mwache aseme. Nyanjige, wanafunga nini?"

"Turubai, mama. Mdomo uwe wazi."

Mama hakuuliza la pili. Alilivuta tenga la bibi, akayamwaga makopa yote ziwani, akalivika tenga turubai lililofunika mizigo ya abiria, ili lisijikunje. Mzee Masatu alitazama mara moja tu, kisha akamsukumia kamba ya nanga.

"Ifungeni mbele kabisa! Si ubavuni!"

Yule bwana mwenye suti, suti yote imelowa, ndiye aliyefunga fundo. Tukalitupa tenga. Kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha kamba ikakazika. Boti likatetemeka, na polepole, kama ng'ombe mkaidi anayevutwa, likageuza kichwa. Mawimbi yaliendelea kutupiga, lakini hayakumwagika tena ndani kama mwanzo. Sufuria ikaanza kuyashinda maji. Tulikuwa tumeloa na kutetemeka wote injini ilipoamka.

Tuliposhuka Mwaloni, kwenye soko la samaki, Mzee Masatu alimgeukia mama, akaninyoshea kidole.

"Huyu kafundishwa na nani?"

"Amesoma," mama akajibu. Neno moja tu, lakini alilisema akiwa amenyoosha shingo, na sokoni kote tulipita hivyo, miguu mitupu, nguo zikichuruzika.

Miaka mingi nilidhani shujaa wa siku ile nilikuwa mimi. Bwenini nilisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara mawimbi yaliongezeka urefu. Nilikuja kuwa na watoto wangu, nikajua jinsi ilivyo rahisi kumwambia mtoto anyamaze wakubwa wanapohangaika. Ndipo nikamuuliza mama, "Ulijuaje kwamba kitabu kinasema kweli?"

"Ningejuaje?" akasema. "Mle wote tulikuwa tunalia. Wewe peke yako ulikuwa na kitu cha kufanya."

Hakukiamini kitabu. Aliniamini mimi. Mbele ya watu wazima waliotaka ninyamaze, alimwaga jasho la mama yake majini kwa neno la binti wa darasa la sita, bila kujua kama litatuokoa. Watu wa Kirumba walisema mama alitembea kwa maringo siku ile kwa sababu yangu. Ninayetembea kwa maringo hadi leo, kwa sababu yake, ni mimi.