Duara la Adongo

Juzi binamu yangu alinionyesha picha ya nyota mbili zinazozungukana. Nyota haiwekwi kwenye mizani, akasema, ila mwendo wake unaangaliwa: iliyo nzito hupiga duara dogo, nyepesi hupiga kubwa. Nikacheka, nikamkumbuka mama.

Mimi na Adongo ni pacha. Tulipokuwa wadogo, surua ilikuwa imemrudisha mwenzangu kutoka hospitali mifupa mitupu, na kwetu Amagoro pacha hawalinganishwi kwa mdomo, eti mmoja atasononeka hadi afe. Kwa hiyo kila alasiri mama alituita uwanjani, palipoanikwa muhogo wenye harufu kali, garimoshi likilia huko Malaba.

"Shikaneni mikono, mzunguke nione!"

Mimi nilijizungusha papo hapo. Adongo alirushwa huko nje, akichora duara pana vumbini. Mama alitazama nyayo, kisha akamtilia yeye karanga ya kusaga kwenye uji. Nikadhani hiyo ni zawadi ya mbio.

"Mama, hata mimi naweza kukimbia!"

"Wewe Apio, mshike tu dada yako. Usimwachilie."

Alasiri moja niliona nyayo zangu zimefika nje sawa na zake. Nikaruka kwa furaha, nimeshinda! Lakini mama alimbeba Adongo, akampandisha na kumshusha mikononi.

"Umekuwa mzito, wewe," akasema, akimkumbatia kwa nguvu.

"Mama, unanibana!"

Siku hiyo tulipata karanga sote, na mama, aliyekuwa siku zote akituangalia tu tukila, akajipakulia uji wake.